Maswali ya Wasomaji: Shule imehama, majengo ya zamani tuyafanyeje?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji huku mkoa wa Mtwara, naomba msaada maana tumekwama. Shule yetu ya msingi imehamia majengo mapya kando ya barabara kuu, kama kilomita tatu na kitu kutoka ilipokuwa, ile ya zamani imebaki tupu. Ina madarasa saba, ofisi na nyumba moja ya mwalimu, wazee wetu waliijenga kwa nguvu zao miaka ile ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Sasa kuna mfanyabiashara wa korosho anataka kukodi eneo lote miaka kumi afanye ghala la mzigo na pembejeo, mwenyekiti anamuunga mkono. Wakinamama wanataka zahanati, vijana wanataka ukumbi, wazee wanasema pasiguswe kabisa. Na huku tunabishana mabati yanaibiwa, milango miwili ishaondoka. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeirudia, na kilichonishtua zaidi ni hayo mabati kwa hiyo naanza nayo, zahanati na ghala vitasubiri kidogo. Jengo lisilo na mtu linakufa kuanzia juu. Likitoka bati moja tu mvua inaingia kwenye kenchi, kenchi ikilowa mchwa wanapanda, masika ya pili paa limelala upande mmoja, alafu ukuta wa tofali za udongo uliosimama miaka arobaini na zaidi unaanza kumomonyoka mbele ya macho yenu. Wiki hii hii, kabla ya mkutano wowote, wekeni mtu alale pale. Nyumba ya mwalimu si ipo? Tafuteni familia moja yenye shida ya makazi, ikae bure kama walinzi mpaka uamuzi utoke, ila mtendaji aandike kwa karatasi na muda uwekwe wazi, kesho asije mtu akasema pale ni pake. Na bati lililotoka mlirudishie, hata la kuokota.

La pili ni pa nani. Hapa ndo vijiji vingi vinajikwaa kwa sababu kila mtu anaamini anajua. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali kwanza. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, hata awe na nia njema kiasi gani. Lakini majengo ya shule ya serikali kwa kawaida yameshaingia kwenye orodha ya mali za halmashauri ya wilaya, hata kama kila tofali lilifyatuliwa na babu yako. Kwa hiyo andikeni barua kwa mkurugenzi mtendaji wa wilaya, pitisheni kwa mtendaji wa kata, ulizeni mambo matatu tu: majengo yapo kwenye rejesta yenu ama hayapo, mna mpango nayo ama hamna, na kijiji kikitaka kuyatumia kinafuata utaratibu gani. Mpate majibu ya maandishi. Mkisaini mkataba na yule bwana kabla ya hapo mtajikuta mnagombana na wilaya na mpangaji kwa wakati mmoja, na ye akishaweka mzigo ndani kumtoa ni kazi nyingine.

Sasa nije kwenye matumizi, na nitasema ninachoamini. Wote mnaulizana jengo lifae nini, ila sijaona kwenye barua yako mtu aliyeuliza shule ilivyohama nani kaumia. Kilomita tatu na kitu kwa mtoto wa darasa la sita sio jambo, anakimbia na wenzake anafika. Kwa mtoto wa miaka mitano wa darasa la awali ni safari, na wakati wa mvua ni safari isiyowezekana, mama anaona bora akae nae nyumbani tu, na mwaka unapita. Pitieni kaya zilizo karibu na shule ya zamani mhesabu watoto wa awali na wa darasa la kwanza na la pili ambao hawaendi shule au wanaenda kwa kuruka ruka. Namba hiyo mkiipata mtaona mjadala unabadilika.

Maana utaratibu wa shule shikizi upo na serikali inautambua. Ile fedha ya mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ya mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3 za mapambano ya UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000 na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Shikizi inakaa chini ya shule mama, walimu na usajili vinatoka kule, watoto wadogo wanasoma karibu na nyumbani alafu wakishakomaa miguu wanahamia shule mama. Nyie madarasa tayari mnayo, wengine wanalilia hayo. Kipimo cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa darasa, kwa hiyo vyumba viwili au vitatu vinawatosha kabisa na vingine vinabaki kwa mambo mengine. Vyoo ndo mviangalie mapema, kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na choo cha enzi ya UPE sidhani kama kuna mtu anataka mtoto wake akanyage juu yake leo.

Zahanati, wakinamama nawaelewa na dai lao ni la haki, kujifungulia njiani ni kitu cha kutisha. Lakini darasa haligeuki zahanati kwa kupaka rangi. Inatakiwa chumba cha kujifungulia chenye maji ya uhakika, shimo la kondo la nyuma, kichomea taka, pa kuhifadhia dawa penye baridi, na nyumba ya mganga na muuguzi, la sivyo jengo litakaa na kufuli. Mtafuteni mganga mkuu wa wilaya aje aone kwa macho kabla hamjachanga hata mia. Akisema haifai kwa zahanati, bado chumba kimoja kinaweza kutumika siku za kliniki ya mkoba, watoto wapimwe uzito na wapate chanjo palepale wanaposoma kaka na dada zao. Hilo halihitaji mamilioni.

Ghala sasa. Korosho zenyewe hazina ubaya, gunia likikaa juu ya chaga, hewa ikapita na sakafu ikawa kavu, darasa linahimili. Ubaya upo kwenye neno moja ulilolipitia haraka, pembejeo. Pembejeo kwenu ni salfa na viuatilifu vya kupulizia mikorosho. Wewe wa huko unaijua salfa, ule unga wa njano unavyoingia kwenye nyufa za sakafu na kwenye plasta, unafagia leo kesho mtoto akikimbia chumbani unapanda tena anaanza kukohoa na macho yanawasha. Chumba kikishawekwa salfa misimu kumi mimi nisingekubali mtoto arudishwe humo hata kimesuguliwa vipi. Kwa hiyo kama mtakodisha, kodisheni kipande, jengo moja lililo mbali na madarasa ya watoto, mwaka mmoja mmoja, kwa korosho tu, sumu zote marufuku na iandikwe hivyo. Na chama chenu cha msingi cha ushirika kiulizwe kwanza kabla ya mtu binafsi, huenda na wao msimu ukifika wanahangaika na pa kukusanyia mzigo. Kodi iingie akaunti ya kijiji kwa risiti na isomwe kwenye mkutano, ikarudi kwenye paa na vyoo vya palepale.

Vijana wapate ukumbi wao, jioni madarasa ya watoto yako wazi, ni suala la funguo na nani anawajibika likivunjika dirisha. Wakitaka kufungua karakana ya kushona au kuchomelea wajiandikishe kikundi, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi chenye pa kufanyia kazi kinaombea mkopo kikiwa kimesimama vizuri.

Kabla ya yote hayo kagueni kuta. Nyufa nyembamba za kwenye plasta zisiwatishe. Ufa unaotoka kona ya dirisha na kushuka kama ngazi, au unaopita katikati ya tofali, huo ndo wa kuogopa, na majengo mengi ya wakati ule hayana lenta inayozunguka, yaani ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Chukueni saruji kidogo mbandike kibandiko juu ya ufa, andikeni tarehe, mrudi baada ya miezi mitatu. Kibandiko kikipasuka ukuta unatembea, chumba hicho kifungwe na pengine kibomolewe, tofali nzima zijengee choo. Na ile pembetatu ya ukuta juu chini ya paa itikiseni kwa mti mrefu mkiwa mbali, ndo inayoangukaga upepo ukija. Mkipata fundi wa wilaya aje na yeye.

Wazee wanaosema pasiguswe waleteni mbele kwenye mkutano, wasimulie walivyojenga, muhtasari uandike. Nadhani wakisikia wajukuu watasomea palepale watakuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Mkutano mkuu kisheria ni kila baada ya miezi mitatu, msisubiri wa mwakani, na tangazo litoke mapema mpaka vitongoji vya mbali, sio watu thelathini wa karibu na ofisi waamue kwa niaba ya wote.

SWALI: Mjomba, sisi tuko mji wa zamani wa pwani. Kuna shule ya enzi za mkoloni, kuta nene za mawe, imefungwa kwa sababu ya ubovu. Nasikia itavunjwa. Sheria hailindi majengo ya kale?

JIBU: Inalinda lakini sio kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863. Shule yenu ya mkoloni ni ya baada ya hapo, kwa hiyo mpaka waziri aitangaze ndo inakuwa na ulinzi. Tuma maombi idara ya mambo ya kale mapema, na picha, na historia fupi, na nakala kwa mkurugenzi, kwa sababu jengo likishavunjwa hakuna cha kutangaza.

Na ubovu wenyewe uuchunguze. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Mara nyingi mtu anakuja na nia nzuri anapiga plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, plasta inabanduka na kipande cha jiwe, watu wanasema jengo limeoza. Fundi wa chokaa anaweza kuwaambia kitu tofauti kabisa. Mkikuta paa ni la asbesto msilivunje wenyewe wala kulikwangua, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu, iteni watu wa mazingira.

SWALI: Je huko nje wanafanyaje? Shule zikifungwa si zinauzwa tu?

JIBU: Wengine wanauza. Japani watoto wamepungua sana, shule zinafungwa mamia kwa mwaka, na mwaka 2010 wizara yao ya elimu ilianzisha mpango wa kutangaza majengo matupu ili wanaoyatafuta na wenye nayo wakutane. Mji wa Muroto shule moja ya msingi iligeuzwa nyumba ya maonyesho ya samaki hai ikafunguliwa 2018, bwawa la kuogelea la wanafunzi sasa lina papa na kasa, na samaki wengi wanatoka kwenye nyavu za wavuvi wa hapohapo. Ninachokipenda ni kwamba waliangalia kwanza walichonacho, bahari na wavuvi.

Kwetu Afrika Mashariki hatari ya eneo la shule lisilolindwa tuliiona Nairobi Januari 2015, shule ya msingi Lang'ata Road, uwanja ukazungushiwa ukuta na waliodaiwa kuunyakua, watoto wakaandamana wakapigwa mabomu ya machozi na polisi. Na ile ilikuwa shule yenye wanafunzi ndani. Kwa hiyo kama kwenu kuna shule iliyofungwa, hakikisha eneo lote pamoja na uwanja wa mpira limepimwa, mipaka ina alama na kwenye mpango wa matumizi ya ardhi limeandikwa ni la umma. Kwanza hilo, matumizi mtajadili baadae.