Ukitaka kwenda kujitolea kwenye kituo cha sokwe, anzia hospitali

Tangu nirudi Dar kutoka Uganda, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: “Dada, uliwabeba wale sokwe?” Hapana. Sikumbeba hata mmoja, sikumshika mkono, wala sina picha tumekumbatiana. Na wewe unayetafuta kituo cha kujitolea nje ya nchi, naomba hilo liwe swali lako la kwanza kwao: je, nitaruhusiwa kuwashika wanyama? Wakikujibu ndiyo kwa furaha, achana nao.

Nilikwenda Ngamba, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Victoria, kilomita kama 23 kutoka Entebbe. Kina ukubwa wa ekari zipatazo 100 na karibu chote ni msitu. Kituo kilianza mwaka 1998 kuwapokea sokwe watu waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara haramu na kwa watu waliokuwa wakiwafuga nyumbani. Sokwe hawajui kuogelea, kwa hiyo ziwa lenyewe ndilo ukuta.

Ili uelewe kwa nini kushikashika ni jambo baya, jiulize mtoto wa sokwe anafikaje mikononi mwa binadamu. Mtoto huyu hunyonya hadi miaka minne au mitano, na hata akiacha kunyonya haondoki ubavuni kwa mama yake. Hakuna namna ya kumchukua mama akiwa hai. Wawindaji humuua mama, na mara nyingi huua na wengine wanaojitokeza kumtetea. Sasa fikiria kituo ambacho kila msimu kina watoto wapya wa kubebwa na wageni wanaolipa. Kinawatoa wapi? Ngamba majike hupewa dawa za uzazi wa mpango, kwa sababu kisiwa kina mwisho wake na sokwe anaweza kuishi miaka 50. Kituo cha kweli hakifurahii kuongezeka, kinafurahia siku ambayo hakutakuwa na yatima mwingine wa kupokea.

Wakala mmoja wa mtandaoni alinitumia picha za vijana wenye vitoto vya nyani mabegani, halafu akaomba malipo ya awali kabla hata ya kuniuliza kama nimechanjwa. Nilimwacha hapo hapo.

Hapo ndipo hospitali inapoingia. Sisi na sokwe tumekaribiana kiasi kwamba magonjwa yetu yanawashika. Watanzania tunao mfano wetu: mwaka 1966 polio ilifika kwa sokwe wa Gombe, wengine wakapooza na wengine wakafa. Hata mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumuua sokwe. Kwa hiyo jiandae kuombwa kipimo cha kifua kikuu, na uthibitisho wa chanjo za surua, polio, pepopunda na homa ya ini. Kila kituo kina orodha yake, iombe mapema. Nasisitiza mapema, kwa sababu chanjo ya homa ya ini B hudungwa mara tatu, na kwa ratiba ya kawaida dozi ya mwisho huja kama miezi sita baada ya ile ya kwanza. Homa ya manjano nilichanjwa Mnazi Mmoja. Kadi yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano na haina mwisho wa matumizi. Utaihitaji kuingia Uganda na utaihitaji tena kurudi nyumbani, kwa hiyo iweke pamoja na pasipoti na usiitoe humo.

Na ukiwa kule ukaamka na kikohozi, sema. Utakaa mbali na mabanda mpaka upone, utaumia moyo, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Mama yangu nilipomweleza mpango huu alinyamaza kwanza. “Mwanangu, utumie likizo yako yote kwenda kulisha sokwe wa Waganda, bure?”

“Siyo bure, mama. Nitachangia chakula na malazi.”

“Yaani na kulipa ulipe wewe!”

Mama hakukosea kuuliza, na wewe uliza. Vituo vingi huwatoza watu wa kujitolea. Sababu ipo: kisiwani kila kitu kinavuka kwa boti, na mgeni analala, anakula, anatumia maji na muda wa mfanyakazi wa kumfundisha. Lakini omba mchanganuo. Kituo makini kitakueleza kiasi gani ni chakula chako na kiasi gani kinakwenda kwa wanyama. Uliza pia kama kuna kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, maana bei zinazoandikwa kwenye tovuti mara nyingi zimepangwa kwa dola kwa kumlenga mtu wa Ulaya au Marekani. Kuuliza si aibu. Ukinyamaza utalipa bei ya mtalii.

Kuhusu safari sina mengi. Basi la Dar hadi Kampala hupita Dodoma, Singida na Kahama, linakwenda kuvukia Mutukula, nawe hesabu zaidi ya siku nzima barabarani. Beba shuka. Mtanzania haombi viza ya Uganda, ila kutohitaji viza si sawa na kuwa na kibali cha kufanya kazi, na nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi. Kiombe kituo kikueleze kwa maandishi unahitaji kibali gani, na nani anakishughulikia. Bima yako ya afya ya hapa nayo iulizie kama inavuka mpaka.

Kazi yenyewe ni ya jikoni na ya usafi. Jua halijakolea tayari mko kwenye chumba cha chakula na mabeseni: papai, tikiti, viazi vitamu, kabichi, nyanya chungu. Unaosha, unakata, unapima, unajaza ndoo. Vipande vinatakiwa vilingane, maana kipande kikubwa kikiangukia kati ya wawili, mwenye nguvu anakibeba na ugomvi unaanza, kelele zake unazisikia hadi ufukweni. Kisha unafagia na kusugua mabanda wanamolala, maganda, mkojo na vinyesi. Mikono inanuka dawa mpaka usiku. Jioni wengi wao hutoka msituni wenyewe kuja kula na kulala. Walezi wanamjua kila mmoja kwa jina, kwa sauti na kwa tabia, na mgeni anayejifanya mjuaji mbele yao anapoteza nafasi ya kujifunza. Ukikutana na mlezi aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, kaa karibu yake na ufunge mdomo.

Nakumbuka jike mmoja mtu mzima. Kipande cha kabichi kiliangukia nje ya uzio wa umeme, mkono wake haukuweza kufika. Alivunja kitawi, akapukutisha majani kwa meno, akakipitisha chini ya waya, akaona kifupi. Akakitupa. Akaingia kichakani akarudi na kingine, kirefu, ambacho alikuwa ameshakisafisha. Hakuharakisha hata kidogo. Alivuta kile kipande taratibu mpaka kikafika, akatupa mgongo upande wetu, akala. Hakuwa na haja nasi, na nilifurahi kwamba hakuwa na haja nasi.

Watu huuliza kwa nini wasirudishwe tu porini. Msitu wenye sokwe una wenyewe, na madume wa porini huweza kumuua mgeni anayeingia eneo lao. Hapa kwetu kuwarudisha porini kuliwezekana Rubondo, ambako kati ya 1966 na 1969 waliachiwa sokwe kutoka Ulaya, na vizazi vyao wapo hadi leo. Lakini Rubondo ni kisiwa kikubwa ambacho hakikuwa na sokwe wake. Visiwa vya namna hiyo havipatikani kila siku.

Ninachokitaka hasa kwa kuandika haya ni kwamba Watanzania twende. Tunayo Gombe, tunayo Mahale, na mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliianzisha programu ya vijana ya kutunza mazingira, Roots & Shoots na wanafunzi 12 barazani kwake, hapa hapa Dar es Salaam. Hata hivyo, kwenye picha za watu wa kujitolea katika vituo vya Afrika nyuso nyingi si zetu. Mtu anayetoka Mbagala au Tabata ana kitu ambacho mgeni wa mbali hana: akirudi anaishi humu humu, na jirani yake akileta tumbili kwenye kamba anajua aseme nini na apige simu wapi. Mimi nilirudi na hilo, na wadogo zangu wamelisikia mpaka wamechoka.

Si lazima iwe Uganda. Kuna muungano wa vituo vya nyani na sokwe wa Afrika, PASA, ulioanzishwa mwaka 2000, na orodha ya wanachama wake ni mahali pazuri pa kuanzia. Kenya wapo Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Zambia kuna Chimfunshi, ambacho kimekuwepo tangu 1983. Mwanachama wa muungano kama huo angalau amekaguliwa na mtu mwingine mbali na yeye mwenyewe.

Unapoandika kuomba nafasi, usijaze ukurasa kwa jinsi unavyopenda wanyama. Wote wanaoandika wanawapenda. Andika unajua kufanya nini: umeme wa sola, kuchomelea vyuma, injini ya boti, hesabu, kupiga na kuhariri video, kupika kwa watu wengi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu najua stoo, kupokea mzigo, kuhesabu na kuandika kilichotoka na kilichobaki, kazi niliyojifunzia dukani Kariakoo. Taja tarehe unazoweza, na kama ni chache sema ni chache. Ambatanisha karatasi za chanjo ulizonazo bila kusubiri kuombwa. Waombe wakuunganishe na mtu aliyewahi kujitolea pale, uongee naye pembeni. Wakikaa kimya wiki mbili tatu, kumbusha kwa adabu. Mara nyingi anayesoma barua pepe ndiye huyo huyo anayekimbizana na boti ya chakula.