Jibu: Thessaloniki 1917, kwa nini bahari haikusaidia?

Mkuu, umeuliza Thessaloniki, mji wa bandari wa Ugiriki, uliteketeaje kwa moto mwaka 1917 na bahari iko pale pale. Bahari kuiona na kuipandisha mtaani ni mambo mawili! Thessaloniki haikuwa na kikosi cha maana cha zimamoto, na maji yalikuwa haba, mengi yakienda kwenye kambi za majeshi ya Washirika (Uingereza, Ufaransa na wenzao), maana Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto. Inasemekana cheche ilitoka jikoni kwa wakimbizi, Jumamosi, 18 Agosti 1917. Vardaris, upepo mkali wa kaskazini-magharibi, ukamalizia kwenye vichochoro vya nyumba za mbao. Watu zaidi ya 70,000 walikosa makao, wengi wao Wayahudi. Serikali ikazuia watu kujijengea upya kiholela. Ramani mpya ya mji akaisimamia msanifu majengo Mfaransa, Ernest Hébrard.