Shangazi Anajibu: Hela ya Giza Inaishia Wapi?

Shikamoo shangazi. Navua dagaa, Igombe, Mwanza. Giza, zile siku zisizo na mwezi tunazovua, likiisha tunagawana, narudi na hela nzuri. Mbalamwezi ikiisha sina hata ya vocha. Nimeapa mara tatu kuacha pombe, kiapo hakimalizi wiki.

Marahaba mwanangu. Viapo viweke kando kwanza. Chukua karatasi, andika hela ya mbalamwezi iliyopita ilikokwenda: bia za nani, nauli ya nani, mama watoto alipata ngapi. Usiipambe.

Kijana mmoja aliniletea karatasi yake inanuka dagaa. Chupa alizokunywa mwenyewe zilikuwa nne. Kreti mbili aliwanunulia wenzake wa mtumbwini. Nikamuuliza, kiu yako ni ya bia au ya kuitwa bosi? Akacheka, kisha akanyamaza.

Mwanasaikolojia Shalom Schwartz, mwaka 1992, alizigawa tunu za binadamu, yaani yale tunayoyathamini maishani, makundi kumi, akazipanga kwenye duara, zinazotazamana hushindana. Kutaka ukubwa kunatazamana na kujali wengine: kreti za kijiweni ni ukubwa, hela ya mama watoto ni kujali. Kiapo chako kinakunyang'anya heshima ya kijiweni bila kukupa nyingine, kitadumuje? Yule kijana sasa ni mweka hazina wa kikoba cha kambi yao. Pombe hajaacha, ila analipia chupa zake tu, na wenzake wanamwamkia.

Nauza samaki soko la Mwaloni, Mwanza. Nasema nalipenda ziwa, lakini sangara wadogo wakija kwa bei ya chini nanunua. Mimi ni mnafiki?

Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50, hilo unalijua kuliko mimi. Unafiki sijui, ninachoona ni ada ya mtoto inashindana na ziwa, na ada inadai leo. Amua ukiwa nyumbani, usingoje alfajiri tenga likiwa mbele yako. Na anayekuletea mwambie mapema asikuletee.

Zamani nilikuwa siendi kumsalimia mama Sengerema kwa sababu ya foleni ya kivuko. Daraja lipo, na bado siendi. Sina upendo?

Kisingizio ndicho huna. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu tu, kwa gari ni dakika chache. Pengine kuna neno mliachiana na mama, na kivuko kilikuwa kinakusaidia kulikwepa. Au umeitanguliza kazi. Basi likiri, angalau ujue unabadilisha nini. Mpigie leo jioni, umuulize amekula nini. Ya radhi yatakuja mkikaa.