Maswali Yenu: Fildi, Kisu na Kadibodi

Swali: Nimepata fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, kwa wasanifu majengo hapa Dar. Modeli nitengeneze kwa skeli gani?

Modeli ya nini? Kila mara mnauliza hivi bila kusema jengo lina ukubwa gani wala nani ataonyeshwa. Nyumba ya kuishi, 1:50, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 50 za jengo. Ghorofa, 1:100 au 1:200. Kiwanja pamoja na majirani, 1:500. Halafu piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Ukuta wa sentimita 15 kwenye 1:50 ni milimita 3. Kwenye 1:200 haufiki hata milimita moja. Ukiukata kwa fomubodi, lile bango la povu lililobanwa kati ya karatasi mbili, ya milimita 5, umemjengea mteja ngome yenye kuta za mita nzima.

Swali: Supaglu inakula povu la fomubodi yangu.

Na itaendelea kulila. Tumia gundi nyeupe ya mbao, usubiri ikauke.

Swali: Bosi hanipi hata nauli, ananikalisha hadi saa sita usiku nikikata modeli. Anasema hiyo ndiyo shule yenyewe. Nivumilie?

Shule gani isiyo na mwalimu? Modeli hiyo inawekwa mbele ya mteja, na mteja analipa. Ujanja huu si wa Dar pekee. Mwaka 2019 ofisi ya msanifu Junya Ishigami ya Tokyo, iliyobuni banda la jumba la sanaa la Serpentine kule London, ilibainika kutafuta wanafunzi wa kufanya kazi saa nyingi bila malipo. Zogo likazuka, Serpentine wakaagiza kila anayeshiriki mradi ule alipwe. Kwa hiyo dai nauli na chakula, tena dai kupelekwa saiti na kukaa kwenye kikao mteja anapoinamia modeli na kuuliza mbona ngazi imeziba mlango. Hapo ndipo kazi inafundishwa. Akigoma, mwarifu msimamizi wako wa chuo sasa hivi, usingoje wiki ya ripoti. Na ukisinzia, weka kisu chini.

Swali: Ofisini kuna mashine ya leza. Inakata plastiki yoyote?

Akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ndiyo. PVC, plastiki ya mabomba ya maji, kamwe! Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma mapafu na kutia mashine kutu. Plastiki usiyoijua usiiingize.

Swali: Fildi ikiisha naondoka na modeli?

Ni mali ya ofisi. Omba ruhusa uipige picha, mchana, karibu na dirisha.