Shemeji alipiga hesabu ya nyumba, mimi nikapiga ya basi

Swali lenu la wiki hii, "Ukipata nafasi ya kuhamia mji wa wastani Marekani, utaamuaje?", limenikuta katikati ya jambo lenyewe. Sebuleni pana maboksi manane ya ndizi niliyoomba dukani, matatu yamejaa, na mume wangu kila akipita ananiuliza kama tunahama au tunapanga biashara ya ndizi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Tumekaa Silver Spring, Maryland, ubavuni mwa Washington, miaka kumi na moja. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu anaendesha gari la kusambaza mikate, na watoto watatu tunawabana kwenye vyumba viwili kwa dola 2,400 kwa mwezi. Mdogo wake mume wangu yuko Louisville, Kentucky. Kila Jumapili alikuwa akitupigia na hesabu ile ile: vyumba vitatu, dola 1,450, kiwanja nyuma cha kuchomea nyama. "Shemeji, mnasubiri nini huko?"

Nisiwadanganye, Louisville si kijiji. Tangu jiji na kaunti viunganishwe mwaka 2003 mji una watu zaidi ya 600,000. Uko kando ya mto Ohio, ukivuka daraja umeshaingia jimbo la Indiana. Kampuni ya UPS imeweka pale kituo chake kikuu cha kuchambulia vifurushi, na usiku, wakati wengine wamelala, ndege zake zinashuka moja nyuma ya nyingine. Ford wanaunda magari pale pale. Kazi, basi, haikuwa swali, na hapo shemeji alikuwa na haki. Swali langu lilikuwa: nitafikaje kwenye hiyo kazi?

Hapa Silver Spring gari letu ni moja na analo mume wangu. Mimi ni mtu wa basi la kaunti, na tangu katikati ya 2025 hata nauli hatulipi. Kwa hiyo Februari nilichukua likizo ya siku nne nikaenda kuutazama mji. Shemeji akataka kunizungusha na gari lake. Nikamkatalia. Nikamwambia nataka siku moja niishi kama mtu asiye na ndugu mjini: niamke, nitembee hadi kituoni, nifike kwenye nyumba ya wazee iliyonipa usaili, nirudi. Alicheka mpaka akakohoa.

Kituo kilikuwa nguzo iliyochomekwa kwenye majani kando ya barabara ya njia nne. Benchi hakuna, paa hakuna, na njia ya waenda kwa miguu ilikatika mita kama mia kabla sijafika, nikamalizia kwenye tope na viatu vya usaili. Nilisubiri dakika arobaini na saba, nikitazama simu kila dakika tano. Katika muda huo magari mawili yalisimama. La kwanza alikuwa mama wa Kizungu, akauliza kama gari langu limeharibika. La pili kijana, swali hilo hilo. Nilishukuru, maana ni ukarimu, na watu wa kule kweli wakarimu. Ila nilielewa kitu: pale mtu akionekana amesimama kando ya barabara, wapita njia wanajua amepatwa na shida.

Basi likaja, likanishusha, nikatembea tena dakika kumi na nane. Zamu niliyopewa ni ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Wakati wa kurudi nilimuuliza dereva, baba mtu mzima mwenye miwani imefungwa kwa uzi, saa tano usiku nitapata basi hapa? Akanitazama kupitia kioo, akasema, "Mama, saa hiyo utahitaji rafiki mwenye gari."

Jioni nikakaa na kalamu mezani kwa shemeji. Nyumba itatupunguzia dola 950. Mshahara wangu kule unashuka dola tatu na nusu kwa saa, na kwa saa zangu hiyo ni kama 560 kwa mwezi. Zikabaki 390. Sasa gari la pili: bima 160, mafuta 120, na 80 za kumwekea fundi, maana gari la mtumba bila fundi halipo. Jumla 360. Nafuu yote ya Kentucky, ile tuliyoimbiwa miaka mitano kila Jumapili, ikabaki dola 30. Na bei ya gari lenyewe sijaihesabu.

Shemeji akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini mtakuwa na chumba cha tatu." Kweli. Chumba cha tatu kwa dola 30 si haba, hasa kwa mtu mwenye binti wa miaka kumi na nne anayelala na ndugu zake. Jambo jingine ambalo hakuwahi kunitajia ni kwamba Louisville hukata asilimia 2.2 ya mshahara wa mkazi wake, juu ya kodi ya jimbo. Lakini kaunti yetu ya Maryland hukata zaidi ya hapo, kwa hiyo sikumsema sana.

Mwenye watoto aulize pia basi la shule kabla hajauliza ubora wa shule. Mwaka 2024 bodi ya shule za umma za Louisville ilisitisha mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule zile ambazo mzazi huomba nafasi mwenyewe nje ya mtaa wake, sababu madereva hawatoshi. Unaweza kuipata shule nzuri, mtoto akakosa wa kumpeleka.

Na wenzangu wa kazi za wazee, kumbukeni cheti chetu ni cha jimbo. Msaidizi wa muuguzi kama mimi hapa anaitwa GNA, kule anaitwa SRNA. Mzee anageuzwa kitandani vile vile, lakini lazima uingizwe kwenye daftari la jimbo lao. Nilianza kuomba uhamisho wa cheti kabla sijamdokezea bosi neno lolote.

Siku ya tatu shemeji akanipeleka dukani kwa Wakongo, na hilo nilikubali kupelekwa. Louisville imepokea wakimbizi wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili utakikuta shuleni, hospitalini, kwenye foleni ya leseni. Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu. Friji imejaa majani ya muhogo yaliyogandishwa. Sisi tunaita kisamvu, pale yameandikwa sombe. Dagaa wanaitwa ndagala, nao wamefungwa kwenye mifuko iliyopigwa fundo kama ya sokoni Ngamiani kwetu Tanga. Ukutani picha ya bondia Muhammad Ali, mzaliwa wa mji huo, na chini yake mzee amekaa kwenye kreti. Alinisikia nikiuliza bei, akatabasamu. "Eh mama, wewe unasema Kiswahili ya mu kitabu!" Nikacheka, nikamuuliza habari za ile picha. Akajibu, "Ule alikuyaka kwetu, na siye tumekuya kwake." Alikuwa anasema ule mwaka 1974, Ali alipokwenda Kongo akampiga bondia George Foreman mjini Kinshasa.

Halafu akatoka binti nyuma ya pazia, miaka ishirini na mbili hivi, ndiye mwenye kupokea pesa. Aliponitazama akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

Jamani. Miaka kumi na moja Marekani, sikumbuki lini nilipata shikamoo kwa mtu nisiyemjua. Nilichelewa kuitikia mpaka akadhani sikusikia. Kumbe amezaliwa Nyarugusu, kambini Kigoma, kasoma pale, akaja huku na wazazi akiwa na miaka kumi na mitano. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Tulisimama tukaongea karibu saa nzima, wateja wanapita katikati yetu. Yeye ndiye aliyenichorea, nyuma ya risiti, njia za basi zinazopita mara nyingi na zile za kujidanganya nazo. Shemeji, kwa miaka mitano, hakujua hata moja. Ana gari.

Tumeamua kwenda. Najua mtasema dola 30 na shikamoo moja. Ipo sababu nyingine, na ni kijana wetu wa kwanza, ana miaka kumi na saba. UPS wana mpango ulioanza mwaka 1998: mwanafunzi anafanya zamu ya usiku kuchambua vifurushi, wao wanamlipia ada ya chuo pale pale mjini. Yeye ameshaupenda. Mimi sijaupenda, maana najua usiku unavyokula mwili wa mtu, ila deni la chuo nalo nalijua.

Masharti yangu kwa mume wangu yalikuwa mawili. Gari la pili linunuliwe taslimu kabla ya kuhama, si kwa mkopo. Na nyumba iwe mahali ambapo siku gari hilo likigoma, bado naweza kufika kazini, japo kwa kuchelewa. Alisema natafuta Silver Spring ndani ya Kentucky. Nikamwambia ndiyo, kwa dola 1,450.

Kinachoniuma ni wanawake wa hapa. Mume wangu alipolazwa mwaka juzi, siku tisa sikuwasha jiko; chungu kilikuja kila magharibi, na mpaka leo viwili sijui ni vya nani. Hao siwezi kuwatia kwenye boksi la ndizi, na kule nitaanza upya kwa kupeleka chungu mimi, miaka kadhaa, kabla sijaletewa.

Juzi yule binti wa dukani amenipigia. Kuna nyumba inaachwa wazi mtaani kwao, vyumba vitatu, dakika sita kwa mguu hadi kituoni, na basi lake ni lile la nyuma ya risiti. Nimemwomba aende tena akaupime huo mwendo saa tano usiku, kwa miguu ya mtu aliyesimama kazini kwa muda wa saa nane nzima, si kwa miguu yake ya miaka ishirini na mbili.