Kijana wa kidato cha pili na basketi: mimi ningemwacha acheze

Mkuu, umeuliza kama umzuie kijana wako wa kidato cha pili kucheza basketi kwa sababu hesabu zinamsumbua. Mimi nimecheza sekondari hapahapa Mwanza, na ningemwacha, ila si kwa sababu zile wanazotajaga walimu wa michezo. Nidhamu haiji na mpira. Timu yetu ilikuwa na watoro wa prepo na ilikuwa na vipanga wa darasa, na wote tulikimbizwa na kocha mmoja.

Sikuwa mfungaji. Mimi nilipangwa chini ya ringi. Mpira ukirushwa, kila mtu anainua macho kuutazama; wewe unageuka, unampa mpinzani mgongo, unapanua miguu na kushusha kiuno. Humwoni. Unamsikilizia kwa mgongo tu uzito wake unahamia wapi, nawe unahamia hukohuko. Ukimzuia vizuri, mpira unamwangukia mwenzako, anakimbia nao anafunga, uwanja mzima unaita jina lake. Wewe umebaki na kiwiko cha mbavu.

Mwanzoni nilikuwa naichukia hiyo kazi. Sasa hivi niko kwenye dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na siku nyingi kazi yangu ndiyo hiyohiyo: kukagua magunia alfajiri mchanga usiwe mwingi, kuhesabu mzigo, halafu mwenzangu mwenye maneno matamu ndiye anakaa na mteja wa Kongo. Pesa tunagawana. Kuna watu wazima pale hawawezi kabisa kufanya kazi ambayo jina lao halitajwi.

Halafu kuna faulo. Unaruhusiwa 4, ya 5 unatoka na hurudi. Kwa hiyo hasira unaitumia kwa bajeti. Una 4, robo ya mwisho ndiyo kwanza imeanza, jamaa anakuvuta jezi refa hajaona, na wewe inabidi umkabe kwa miguu, mikono juu. Wapinzani nao si wajinga, wakishajua hesabu yako kila mpira wanauleta kwako. Hiyo huwezi kuisoma kwenye daftari la uraia.

Atakutajia Hasheem Thabeet, jiandae. Ni kweli, mtoto wa Dar, mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua akiwa chaguo la 2 kwenye NBA, ile ligi kubwa ya basketi ya Marekani. Lakini yule ana futi 7 na ushei. Wewe waangalie kwanza wajomba zake. Akifika UMISSETA, yale mashindano ya taifa ya shule za sekondari, na timu ya mkoa, ashukuru Mungu.

Cha kuchunguza ni kocha. Nenda jioni ya mazoezi bila kumuaga kijana, kaa pembeni, sikiliza kocha anavyoongea na wale wa benchi. Kama ni matusi tu, mhamishie timu ya mtaani. Hizo hesabu mtafutie twisheni ya Jumamosi asubuhi, haigongani na mazoezi.