Muulize Shangazi: Tukimskiza mwenzetu, siri itakaa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 27, fani yangu sitaitaja manake Mombasa hii ni ndogo, ukitaja tu watu washakujua. Ni mwanachama wa chama cha wataalamu wa fani yetu, bado niko daraja la chini, na ili nisajiliwe kamili lazima mkubwa aliyesajiliwa anisainie logibuku ya mafunzo. Sasa huyo mkubwa ndo tatizo. Meseji zake zaingia saa sita usiku, "ushalala?", mara "logibuku yako naiona hapa mezani, njoo tuongee mahali patulivu", tukienda seminari Diani aja kunigongea mlango wa rumu, na mkutanoni mbele ya watu afanya utani na nguo zangu na watu wacheka. Nilidhani ni mimi peke yangu mpaka juzi tuko kwenye feri ya Likoni mwenzangu akanitolea simu yake nikasoma meseji zile zile, neno kwa neno. Tumejikuta tuko wanne. Twataka tuanzishe kikundi cha kusaidiana kwa siri, mtu akisumbuliwa awe na mwenzake wa kumskiza kabla hajaenda kokote. Mmoja wetu asema tufungue grupu ya WhatsApp, mwingine ana hofu ati tutashtakiwa kwa kuchafua jina la mtu. Na je, mtu akituambia jambo zito alafu aseme msimwambie yeyote, tufanyeje?
Binti wa Tudor

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, na usianze kujiuliza ulivaa nini au ulicheka naye lini, hakuna nguo iliyowahi kumtuma mtu mzima akagonge mlango usiku.

Kikundi ni wazo zuri na wala si geni. Huko Marekani chama kimoja kikubwa cha wanasayansi wa ardhi na anga, American Geophysical Union, mwaka 2017 kiliandika kwenye kanuni zake kwamba kumsumbua mwenzako kingono ni utovu wa maadili ya sayansi, sawa na kupika data. Waliona jambo ambalo nyinyi mshaliona kwenye feri, kwamba chama si ofisi. Ofisini kuna bosi, kuna mtu wa rasilimali watu, kuna barua ya onyo. Kwenye chama yule mzee hakuajiri wala hakulipi, lakini kashika saini yako, yuko kwenye kamati, na kesho tenda ikitoka ndiye atakayeulizwa "huyu binti wamjua?" Nguvu anayo, na mahali pa kumshtaki hapaonekani.

Sheria nayo yafaa muijue vizuri, si ya kuskia skia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, yamgusa zaidi mwajiri na wafanyakazi wenzako, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Kwa hivyo kwa mzee wako wa logibuku hiyo yaweza isimfike. Lakini kuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inayomzungumzia mtu mwenye mamlaka anayezidi kumtaka mtu huku ajua hatakiwi, na moja ya mambo yanayoangaliwa ni kama kukubali au kukataa kwako kunatumiwa kwenye uamuzi unaohusu kazi yako. Ile meseji ya "logibuku yako naiona hapa mezani" isome tena ukiwa na hayo akilini. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sikwambii haya ili ukimbie polisi kesho, nakwambia ili mtu akikwambia "si utani tu huo" ujue anaongea bila kusoma.

Sasa kikundi chenyewe. Grupu ya WhatsApp hapana, tafadhali. Grupu ni kama baraza la kahawa, waongea ukidhani wajua waliokaa kumbe kuna mtu kasimama nyuma yako. Skrinishoti yachukua sekunde moja, simu iko juu ya meza ya ofisi meseji yajitokeza kwenye kioo kila mtu asoma, mmoja akiuza laini au akiolewa na mpwa wa yule mzee (na hapa kwetu yatokea sana) basi mambo yenu yote yako sokoni Kongowea. Fanyeni mtu kwa mtu. Chagueni wasikilizaji wawili au watatu, tafuteni laini moja ambayo si ya mtu binafsi iwe ndiyo ya kupigiwa, na mwanachama yeyote apate kuijua bila kulazimika kuuliza mtu. Mazungumzo yawe ana kwa ana, si ofisi za chama wala ile hoteli mnayokula lunchi nyote. Mimi ningewapeleka Mama Ngina jioni, mnunue mihogo mkae mtazame bahari, hakuna atakayeshangaa kuona wanawake wawili wanaongea pale, jiji zima liko pale laongea.

Msikilizaji asiwe ofisa wa tawi, asiwe mwenye kusainia watu logibuku, na asiwe yule ambaye nyote mwamjua kwamba habari kwake hailali. Mkipata mwanamume mtulivu muwe naye pia. Na jambo la kwanza kabisa kabla mtu hajafungua mdomo, msikilizaji amuulize jina la anayelalamikiwa tu, basi, kisha kama ni bin ami yake, au waliwahi kufanya kazi pamoja, au ndiye aliyempa mkopo wa harusi, aseme wazi "huyu nina uhusiano naye, nakupeleka kwa mwenzangu". Mji huu tumeoana sana, hilo msiliruke.

Hapo kwenye siri ndo nataka unisikize vizuri. Msimuahidi mtu siri ambayo hamuwezi kuitunza. Nyinyi si mawakili. Wakili ana kinga ya kisheria ya mazungumzo yake na mteja, nyinyi hamna, mahakama ikiwaita mtajibu. Kwa hivyo kabla hajaanza kusimulia mwambieni, kwa maneno mepesi: nitakalosikia halitoki kwangu bila ruhusa yako, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, au kuna mtoto wa chini ya miaka 18 anayeumizwa, au korti ikiniamuru. Akijua hivyo mapema ataamua mwenyewe aseme kiasi gani. Wengi wataendelea kusema. Ubaya ni kumwambia "sema tu, haitoki hapa", alafu katikati ya hadithi unageuka ati hili lazima niripoti, hapo umemvunja mara ya pili na hatarudi kwako wala kwa mtu mwingine.

Msiandike madaftari pia. Orodha ya majina na yaliyowapata, hata ikiwa kwenye kompyuta yenye paswadi, ni data ya watu na tangu 2019 kuna Sheria ya Kulinda Data, mkiivujisha ni nyinyi mtakaotafutwa. Mwenye jambo ndiye aandike yake mwenyewe, tarehe, mahali, maneno yalivyosemwa, nani alikuwepo, na meseji asizifute hata akizichukia vipi. Wewe pia, anza leo usiku.

Na kazi ya msikilizaji ni kuskiza. Yaonekana rahisi lakini watu wengi hawawezi, dakika ya tatu ashaanza "mimi ningekuwa wewe ningemzaba kofi". Asiulize kila kitu kilivyokuwa, hiyo ni kazi ya mchunguzi na kumrudisha mtu huko bila haja ni kumtesa. Aulize swali moja tu, wataka nini? Mwingine ataka alie arudi kazini. Mwingine ataka abadilishiwe mkubwa wa kumsainia basi, hataki kesi. Mwingine ataka kwenda kamati ya nidhamu na ahitaji mtu wa kukaa naye nje ya mlango. Msikilizaji amuonyeshe njia zote, ikiwemo njia ya kutofanya chochote kwa sasa, na uamuzi ubaki kwake. Nyinyi wanne mna hasira, haki yenu, lakini msimtumie mtu wa tano kama risasi ya kumpigia mzee wenu.

Kukiwa kumetokea kushikwa kwa nguvu au kubakwa, mambo yabadilika, hapo ni mbio. Hospitali ya Coast General ina kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, dawa za kuzuia virusi vya HIV zataka zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndo bora. Asioge kwanza kama anaweza kuvumilia, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi si wa plastiki. Laini ya 1195, ya simu za msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure usiku na mchana. FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa hapa Mombasa. Msikilizaji awe na hayo kichwani, si kuanza kutafuta kwa simu mwenzake akitetemeka.

Kuhusu kushtakiwa: mkitembeza jina la mtu kwenye magrupu na kwenye chai za mikutano, ndiyo, mwajiweka pabaya. Ila mtu akipeleka malalamiko yake kwa nia njema, kwa kamati au ofisi yenye jukumu la kuyaskiza, sheria humpa kinga ya kutosha. Hofu yenu iko mahali si pake, ogopeni umbea, msiogope malalamiko.

Mwisho, nyinyi wenyewe mtachoka. Kuskia mambo haya kila wiki kunakula usingizi. Pokezaneni zamu, na mtafute kaunsela mmoja wa kuongea naye kuhusu uzito wenu bila kutaja majina ya watu.

SWALI: Bi Shangazi, salaam. Mimi ni ofisa wa tawi la chama chetu cha kitaaluma. Vijana wameanzisha kikundi cha kusikilizana na nimewaunga mkono, nimewaambia waniletee majina ya wanaosumbua na wanaosumbuliwa ili tuchukue hatua. Wamekataa katakata. Huku si kuficha uovu?
Ofisa, Ganjoni

JIBU: Aleikum salaam bwana. Wamefanya vizuri kukataa, na wewe ungekuwa kwenye viatu vya binti wa kwanza hapo juu ungekataa pia. Wakikuletea majina leo, kesho hakuna atakayewapigia.

Hata hesabu usiwalazimishe. Tawi lenye wasichana sita wa daraja la chini, ukisoma kwenye ripoti ya mwaka "malalamiko mawili, wanachama wa kike, daraja la chini", ushawataja.

Kama wataka kuchukua hatua, ziko za kwako ambazo hazihitaji jina la mtu. Mfano, anayelalamikia mwenyekiti wa tawi apeleke wapi? Kama jibu ni "kwa mwenyekiti wa tawi", anzia hapo, fungueni njia ya moja kwa moja kwenda makao makuu. Ruhusuni logibuku isainiwe na mkubwa yeyote aliyesajiliwa, mwanachama abadilishe bila kueleza sababu, hilo peke yake lampokonya mtu mbaya nusu ya silaha zake. Andikeni kwenye kanuni kwamba seminari, safari, chakula cha usiku na meseji za simu zote zahesabika, mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 washasema hivyo na waorodhesha hata walio mafunzoni. Na atakayelipiza kisasi kwa mlalamikaji awe na kosa lake tofauti. Hao vijana watengeeni pesa ya mafunzo na ya kredo, kisha muwaache wafanye kazi yao. Kuunga mkono kwenyewe ndo huko, bwana, si kukaa karibu ukingoja kuambiwa.

SWALI: Shangazi mimi ni kijana wa kiume. Mama mmoja mkubwa kwenye chama chetu anitumia picha na kunishika shika tukiwa wokshopu, nikimwambia rafiki yangu akacheka akasema nina bahati. Je, hivyo vikundi ni vya wanawake tu?
Kijana wa Bamburi

JIBU: Mwanangu, si vya wanawake tu, na kama cha chama chenu kimejifunga hivyo waambie wafungue. Kifungu cha 23 nilichotaja juu chasema "mtu yeyote", hakikuchagua mwanamume wala mwanamke. Bahati gani hiyo, ya kushikwa hutaki? Huyo rafiki mpe likizo kidogo.

Mjibu yule mama mara moja kwa maandishi, mafupi na ya heshima, "tafadhali usinitumie tena picha hizi wala usinishike", kisha usiingie kwenye majadiliano. Hiyo meseji ndo itakayoonyesha baadaye kwamba alijua hutaki. Picha zake usizifute lakini usimfowadie mtu yeyote, hata huyo wa kikundi muonyeshe kwenye simu yako mwenyewe. Na ukipiga 1195 usikate simu ukiskia sauti ya kike, wanaume pia wanahudumiwa.